Tukihifadhi simulizi za wazee, tusiwasahihishe lugha

MWANZONI mwa miaka ya tisini nilimhoji marehemu mama kuhusu maisha yake, nikamrekodi katika kaseti mbili. Kisha nikafanya kosa ambalo msomi wa lugha hafai kulifanya: nilimsahihisha. Aliposema 'ndia', niliandika 'njia'. 'Matozi' yake yakawa 'machozi'. Maswali yangu niliyafuta, na jambo alilolirudia mara tatu nililiandika mara moja. Kaseti zenyewe nikaja kuzitumia kurekodi mihadhara.

Juzi binti yangu alizisoma kurasa hizo, akaniuliza, "Baba, hapa anayesema ni nyanya ama ni wewe?" Sikuwa na jibu.

Swali hilo lilinirudisha kwenye kitabu Wanawake Watatu wa Kiswahili cha Sarah Mirza na Margaret Strobel. Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wote wa Mombasa, walihojiwa katika miaka ya sabini. Bi Kaje alitoka katika ukoo uliomiliki watumwa, Mishi katika kizazi cha watumwa. Kila mmoja anajisimulia, na msomaji anauona mji uleule kutoka pande zisizolingana. Hapo ndipo penye uzito wa kitabu. Lawama yangu ni moja: walisimulia kwa Kiswahili, lakini toleo la Kiingereza lilitangulia mwaka 1989, la Kiswahili likafuata 1991.

Linganisha na Wasifu wa Siti binti Saad. Shaaban Robert alizungumza na mwimbaji huyo kabla hajafariki mwaka 1950. Nathari yake ni tamu, ila sauti tunayoisikia aghalabu ni ya Shaaban. Wapo watakaosema kwamba wasifu ni kazi ya mwandishi, si ya msimuliaji. Sawa, sipingi. Shaaban, hata hivyo, alikuwa Shaaban. Sisi wengine tukimfuta mzee tunabaki na nini?

Leo karibu kila nyumba ina simu ya kurekodia, kwa hivyo hatuna kisingizio. Rekodi, kisha uhifadhi sauti hiyo mahali zaidi ya pamoja. Andika neno lilivyotamkwa; kama ni gumu, eleza maana yake pembeni. Acha swali lako libaki, maana jibu hufuata swali. Na kabla hujamwonyesha mtu yeyote, mrudie mzee, msomee, umuulize kama kuna analotaka litolewe. Akisema litoke, litoke. Maisha ni yake. Hilo ni tofauti kabisa na wewe kuamua kwamba lahaja yake ni kosa.

Mimi bado nakumbuka jinsi mama alivyosema 'ndia'. Mjukuu wake hana pa kulisikia.