Kombe la Majengo: Sanaa, Tiba na Mafunzo

Katika uhakiki wetu tumezoea kusema kwamba fasihi ni sanaa itumiayo lugha. Fasili hii hutolewa kila mwaka mbele ya wanafunzi, nao huinakili bila ya kuuliza maana ya neno lililo katikati yake. Wakiulizwa, wengi hujibu kwamba sanaa ni uzuri unaoongezwa juu ya jambo ili lipendeze. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo lina upungufu, na kwamba upungufu huo umetudhuru hata nje ya fasihi, katika tiba na katika elimu. Mfano nitakaoutumia ni kombe.

Mtaa wa Majengo mjini Embu, kama ule wa Meru na mingine yenye jina hilo katika miji ya Kenya, ni makao ya tangu zamani ya Waislamu wasemao Kiswahili huku bara. Huko nimemwona mwalimu wa chuo akiandika kombe. Alichukua sahani nyeupe, akavuruga zafarani katika marashi ya mawaridi, akachonga kalamu ya mwanzi, kisha akaandika aya za Kurani polepole. Maandishi yalipokauka yalioshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa maji hayo. Kazi ya muda mrefu ilifutika mara moja.

Kama uzuri ni pambo tu, mwandishi huyu alikuwa na haja gani ya kuandika vizuri kitu kitakachooshwa? Hata hivyo nilimwona akifuta mstari mzima kwa sababu ya nukta moja iliyokaa vibaya. Sababu yake ni wazi kwa kila aliyesoma chuoni: be, te na the hutofautiana kwa nukta tu. Nukta ikihama, neno limegeuka. Basi unadhifu wa umbo ndio usahihi wa maana, wala havitenganiki. Tena mgonjwa alikuwa ameketi akitazama, akaona kwamba kuna mtu anayemshughulikia kwa makini. Alasiri mkono uo huo ulikuwa ukiwaonyesha watoto namna ya kushika kalamu. Sanaa, tiba na mafunzo vilikuwa kazi ya mtu mmoja.

Sisemi kwamba zafarani inatibu malaria. Mwenye homa na apelekwe hospitali, apimwe damu. Ninalolisema ni la kihakiki: jicho lililofundwa kuona nukta ni chombo cha kazi.

Lugha yenyewe inatuunga mkono. Neno sanaa lina asili ya Kiarabu, na katika asili hiyo ni utengenezaji na ufundi. Waandishi wa Kiarabu waliihesabu hata tiba kuwa miongoni mwa sanaa. Fundi ni wa jamii moja na kufunda na kufundisha. Nami nilifunzwa ng'ambo kutenganisha sanaa na ufundi, na kwa miaka kadhaa niliwarudishia wanafunzi wangu mafunzo hayo bila ya kuyapima.

Tuyapime basi mahali penye hatari. Katika kituo kimoja cha afya niliona bango la kueleza jinsi ya kuchanganya maji, chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Lilijaa herufi ndogo, bila ya picha ya kijiko wala ya kikombe. Mama mmoja alilitazama, kisha akamwuliza jirani yake. Linganisha na *Mahali Pasipo na Daktari*, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha David Werner. Humo michoro hubeba maelezo pamoja na maneno. Ukiiondoa, kitabu kinavunjika. Mchoraji wake alikuwa anafanya kazi ya tiba. Mtengenezaji wa bango naye alidhani kwamba picha ni anasa.

Katika elimu, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliingiza sanaa na ufundi katika shule za msingi za Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo liliondolewa katika mtihani wa mwisho, na lisilotahiniwa ni vigumu kufundishwa kwa dhati. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umerudisha sanaa darasani. Lakini ikirudi kama pambo, itakuwa ya kwanza kuachwa pindi saa za masomo zitakapopungua. Muuguzi wa kesho atakosa jicho, na mabango yake yatafanana na lile.

Huenda mwenzangu akapinga kwamba kwa njia hii kila kazi ya mkono itaitwa sanaa. Sivyo. Bango lile pia lilitengenezwa kwa mikono, nalo ni baya. Kupambanua jema na baya kwa kuangalia umbo na kazi yake pamoja ndio wajibu wa mhakiki, na wajibu huo hauishii kwenye shairi na riwaya. Napendekeza wanafunzi wa idara zetu wapewe bango la hospitali walihakiki kwa ukali ule ule wanaohakikia shairi, kisha waliandike upya. Mwalimu wa Majengo hakuacha nukta mbovu kwenye maandishi ambayo yangeoshwa muda si mrefu. Bango la hospitali hukaa ukutani miaka mingi.