Kisigino Kikitangulia: Jinsi Shinikizo la Unyayo Linavyopimwa

Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa, na tangu hapo ikazoeleka kusemwa kwamba akimbiaye peku hutanguliza sehemu ya mbele ya unyayo. Mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake wakaja na jibu jingine kutoka kaskazini mwa Kenya: kati ya Wadaasanach 38, watu wazima waliozoea kukaa bila viatu, asilimia 72 walitua kwa kisigino kwa mwendo wa masafa marefu. Kabla ya kubishana nani yuko sahihi, tuangalie upimaji wenyewe.

Hatala aliweka mkeka wa vihisio katikati ya njia ya mita 15. Kila kihisio husoma nguvu inayokiangukia. Chukua mkimbiaji wa kilo 65: ardhi inaweza kumsukuma kwa mara mbili na nusu ya uzito wake, karibu niutoni 1,600. Zigawe kwa sentimita 80 za mraba za unyayo, unapata kilopaskali 200. Huo ni wastani tu. Chini ya kisigino au kidole gumba, namba hupanda mno, na hapo ndipo maumivu huweza kuanzia.

Muda nao ni mtego. Unyayo hugusa chini kama robo ya sekunde. Kifaa kikisoma mara 50 kwa sekunde, utaambulia picha kumi na mbili hivi, na mguso wa kwanza, ndio hasa unaotafutwa, utapita katikati ya picha mbili.

Halafu mkimbiaji akiuona mkeka, hurefusha au hufupisha hatua ili aukanyage, na shinikizo hubadilika papo hapo. Dawa ni kumsogezea mahali pa kuanzia hadi hatua iangukie pale yenyewe, na kutupilia mbali kila jaribio alilosita.

Jambo zito zaidi ni kasi. Wadaasanach hao hao walipokimbia kwa kasi, waliotua kwa katikati au mbele ya unyayo waliongezeka. Kwa hiyo namba ya shinikizo isiyoandikiwa kasi haina maana kwangu. Hata hivyo, tafiti zote mbili, ya Lieberman na ya Hatala, zinakubaliana kwamba kutua kwa mbele hupunguza kishindo cha mguso.

Nalisema hili nikiwaza watoto wanaokimbia peku kwenye barabara ya murram ya Khwisero, kule Kakamega. Vihisio vya ndani ya kiatu havimfai asiye na kiatu, na mkeka nao hufunika changarawe ambayo ndiyo inayomfanya achague namna ya kukanyaga. Atakayewapima aweke pia kamera kando ya barabara, amrekodi mtoto yule yule kwenye murram kwa kasi ile ile, kisha alinganishe na alivyotua kwenye mkeka. Mguu ukitua tofauti, aamini barabara kabla ya kumshauri mzazi yeyote kuhusu viatu.