Fundi wa Redio za Magari, Mtito Andei

Wengi wakimsifu fundi wa muziki wa gari husifu mdundo. Vioo vikitetemeka na besi ikigonga kifuani, basi fundi huyo ni hodari. Mimi namsifu kwa kelele ambayo hukuisikia. Kupaza sauti ni suala la pesa: nunua amplifaya kubwa na wufa nzito, sauti itapaa hata ikifungwa na mwanagenzi. Lakini sauti itoke safi, betri iamke na nguvu zake asubuhi, na gari lisishike moto njiani, hapo ndipo fundi anapojulikana.

Mtito Andei ni mahali pazuri pa kuielewa kazi hii. Mji huu wa Makueni uko karibu na katikati ya barabara ya Nairobi na Mombasa, mlangoni mwa mbuga ya Tsavo Magharibi, na upande wa Kitui hauko mbali. Mabasi husimama abiria wale, madereva wa malori hulala hapa, na Probox za kutoka barabara za vumbi huja zikiwa na skrubu zilizolegea kila mahali. Gari linalofika kwa fundi mara nyingi liko safarini. Dereva ana haraka, jua linachoma, na hitilafu yenyewe ni ile inayokuja na kuondoka.

Chukua Probox iliyotoka Japani na redio yake. Kule FM kwa miaka mingi ilianzia 76 ikakomea 90. Kwetu huanzia 87.5 hadi 108. Mwenye gari hudhani redio ni mbovu. Fundi huweza kuchomeka kisanduku kidogo kwenye waya wa eriali, kikashusha mawimbi: kikishusha kwa 12, stesheni ya 98 utaipata kwenye 86. Ila stesheni iliyo juu ya 102 bado itabaki nje. Fundi mwaminifu humwambia mteja jambo hilo kabla ya kupokea pesa, kisha humwachia achague kati ya kisanduku na redio mpya.

Redio mpya nayo ina nyaya zake. Wa manjano hutoka moja kwa moja kwenye betri na kuishikia redio kumbukumbu. Mwekundu hupata moto ufunguo ukizungushwa. Mweusi ni wa ethi. Ukibadilisha wa manjano na mwekundu, redio itasahau stesheni zote kila unapozima gari. Ukiunganisha zote mbili kwenye betri ili umalize haraka, redio haitazimika pamoja na gari, na mteja ataamka kesho akisukuma. Makosa haya hayaonekani siku ya kulipa.

Kwenye malori jaribu ni kubwa zaidi. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo zikawa 24, na redio inataka 12. Njia ya mkato ni kunyonya 12 kutoka betri moja, na redio italia vizuri kabisa. Lakini betri ile inayonyonywa haitajaa sawasawa, na mwenzake atachajiwa kupita kiasi, hadi siku moja lori likatae kuwaka. Anayeheshimu kazi hufunga kipunguza volti, ingawa kinaongeza gharama na dereva ananung'unika.

Kisha kuna ule mluzi. Ni mlio mwembamba unaopanda kadiri dereva anavyokanyaga mafuta, na ni adui wa zamani: mwaka 1930, ndugu wawili wa familia ya Galvin ya Chicago walipotoa redio ya gari waliyoiita Motorola, moja ya shida kubwa ilikuwa kelele za umeme wa injini. Fundi asiyejua huuza kichujio. Anayejua husema, "Washa gari, dere, uongeze muziki, halafu usiguse kitu." Ncha moja ya mita huiweka kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye boliti ya ethi ya amplifaya. Mita ikisoma karibu na sufuri, ethi ni nzima na atatafuta kwingine. Ikisoma nusu volti, umeme unarudi kwa shida. Hufungua boliti ile na kukuta imebana juu ya rangi. Hukwaruza kwa msasa mpaka chuma king'ae kwa upana wa sarafu, hurudisha kichwa cha waya, hukaza, hupaka grisi kuzuia kutu. Gari likiwashwa tena, mluzi hakuna. Waya haukubadilishwa hata mmoja.

Napenda pia anavyopima spika kwa betri ndogo ya tochi. Hugusisha chanya kwa chanya kwa nukta moja, akiangalia koni: ikiruka nje, nyaya ziko sawa, ikiingia ndani, zimepinduliwa. Spika mbili zikivutana, moja ikitoka huku nyingine ikiingia, besi hupotea, na mteja atanunua wufa ya pili bure.

Ujuzi huu hukaa nyuma ya dashibodi na chini ya zulia. Fyuzi ya waya mkubwa wa amplifaya, iliyowekwa karibu kabisa na betri ili waya ukichubuka popote fyuzi ikatike kabla ya moto kuanza, haisikiki katika muziki. Mipira inayolinda waya unapopita kwenye tundu la chuma haisikiki pia. Ndiyo maana naudhika mtu anapokaa saa nzima na fundi, kisha akamlipa kidogo kwa kuwa "ameguza boliti moja tu".

Kijana anayejifunza kazi hii kando ya barabara kuu asiridhike na kujulikana stejini. Afanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, apate cheti, mikono yake iheshimiwe hadi Mombasa. Nawe mwenye gari, usiondoke kabla hujaonyeshwa fyuzi iko wapi na ethi imefungwa wapi. Kisha mlipe fundi kwa muda aliotumia kutafuta.