Namna ya Kuwajua Wasomaji Bora wa Maulidi

Ukitaka kujua kama kundi la wasomaji wa maulidi ni zuri, usianze na yule mwenye sauti. Wasikilize wanaomwitikia. Sauti tamu ni kipawa, na Mombasa haijapungukiwa na watu wa sauti. Kuitikia ni jambo la kufundishwa, na hapo ndipo wajuzi hutambulikana.

Mfunguo Sita ukiingia, Mji wa Kale husomwa maulidi misikitini na majumbani, ya wanaume na ya wanawake. Yanayosomwa sana ni ya Barzanji, yaliyotungwa Madina na Jaafar al-Barzanji katika karne ya 18 kwa nathari yenye vina. Mmoja husoma fungu, jamaa humswalia Mtume, na mwingine hupokea. Maulidi ya al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, ambayo Habib Saleh wa Msikiti wa Riyadha aliyatia nguvu Lamu, huja na matari. Nayapenda, lakini tari hufunika mengi. Kwenye Barzanji hakuna cha kufunika: ni sauti za watu tu, ndani ya kuta nene za matumbawe na chokaa.

Anza na matamshi. Chukua jina la Muhammad. Ha yake hutoka kooni, si ile nyepesi ya "habari" kama tunavyoitamka barazani. Mimu ya katikati ina shadda, kwa hiyo hushikwa kiasi cha harakati mbili, sauti ikipita puani, kisha ndipo iachiwe. Msomaji aliyelelewa chuoni hafikirii haya, yanamtoka tu. Asiyelelewa huirukia mimu na kwenda kuvuta irabu inayofuata, ambayo ni fupi, kwa kuwa mahadhi yanampendeza hapo. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na wenye sauti nzuri ndio walifanyao zaidi. Katika kasida, kama Burda ya al-Busiri, kosa hilo huvunja na bahari ya shairi pia.

Sasa rudi kwa waitikiaji. Je, wanaingia msomaji alipokoma, au wanamkata? Wanaipokea sauti pale pale alipoiacha, au wanaipandisha kidogo kidogo hata fungu la nne yeye mwenyewe hawezi tena kuifikia? Kwenye maddi ndefu, wajuzi hupokezana pumzi: mmoja akivuta hewa, jirani yake yumo, na wewe uliyekaa husikii pengo. Mwisho wa neno ndio mtihani mkubwa. Kundi lililozoeana hukata pamoja, na herufi ya mwisho husikika mara moja. Lisilozoeana huacha mkia wa sauti mbili tatu zinazochelewa.

Sikio hili si letu peke yetu. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, na mwaka uliofuata alifariki Roma Palestrina, bingwa wa nyimbo za Kanisa Katoliki za sauti nyingi. Muziki wake uko mbali na wetu, maana kule kila sauti hushika njia yake na huku wote hushika njia moja. Hata hivyo, anayewapima waimbaji wake naye husikiliza pumzi na mwisho wa neno.

Mapambo yaje baadaye. Msomaji akitoka bayati kwenda hijazi na kurudi bila kupotea, mpe haki yake. Akizipita maqamu zote katika fungu moja ili tumstaajabie, huyo anasoma nafsi yake.

Kiyamu ndicho kipimo cha mwisho. Watu wamesimama, ubani unafuka, marashi yananyunyizwa, macho yana machozi, na kila mtu anataka kupaza. Kundi dhaifu hapo huanza kukimbia. Lililo imara hubaki na mwendo wake, na jamaa nzima huufuata.

Watu sita wanaosikilizana ni bora kuliko arobaini wanaoshindana. Basi enyi mnaoandaa maulidi Kibokoni na Mlango wa Papa, nawaombeni: ndani ya msikiti mdogo zimeni vipaza sauti, na vijana wa madrasa muwakalishe karibu na wazee wanaoitikia, wajifunze kupokea.