Retorika ilizaliwa siku gani? Kuhusu kitabu cha Kennedy na wale waliomfuata

Wazee wetu wenye walisoma katika koleji za wamisionari wakati wa Wabelgiji wanakumbuka kwamba darasa la mwisho liliitwa «rhétorique». Jina hilo lilitoka mbali, kwa Wagiriki wa zamani, na maana yake ni ufundi wa kusadikisha watu kwa maneno. Sisi tunaofundisha wanafunzi wa latin-philo tungali tunarudilia hadithi moja: ufundi huo ulivumbuliwa na Corax na mwanafunzi wake Tisias kule Syracuse, katika kisiwa cha Sicile, karibu na mwaka 466 mbele ya Kristo. Watawala wa mabavu walikuwa wameangushwa, watu wakaanza kudaiana mali zao katika tribinali, na kila mmoja akahitaji kujua kusema. Siku moja mwanafunzi alituuliza: «Mwalimu, na mbele ya Corax, watu walikuwa wanasadikishana namna gani?» Tulikosa jibu. Ndipo tulipofungua tena vitabu vya wataalamu.

Cha kwanza ni cha George Kennedy, profesa wa Marekani, kilichotoka mwaka 1963. Jina lake kwa Kiswahili ni «Ufundi wa kusadikisha katika Ugiriki». Kina mpango mzuri: msomaji anaongozwa pole pole tokea Homère mpaka masofisti, kisha Aristote na wasemaji wakubwa. Anayekisoma anaelewa pia kwa nini ufundi huu ulikuwa na bei. Kule Athènes mwenye kesi alipaswa kujisemea mwenyewe mbele ya waamuzi 201 au 501, na wakati wake ulipimwa kwa maji yanayotiririka kutoka chungu. Asiyejua kusema alimlipa mtu kama Lysias amwandikie maneno, halafu akayashika kwa kichwa.

Udhaifu wa historia ya namna hii uko kwenye mwanzo wake. Habari ya Corax tunaipata kwa Cicéron, aliyeandika mwaka 46 mbele ya Kristo, yaani miaka mia ine nyuma ya mambo yenyewe, na kwa wengine wa nyuma zaidi. Ni kweli Cicéron anasema ameitoa kwa Aristote. Hata hivyo, mwaka 1991 Thomas Cole alikumbusha kwamba «corax» kwa Kigiriki ni kunguru. Pengine lilikuwa tu jina la utani la Tisias. Naye Edward Schiappa, mwaka 1990, alionyesha kwamba neno «rhêtorikê» halionekani katika maandiko yaliyotufikia mbele ya kitabu cha Platon kiitwacho Gorgias, mwanzoni mwa karne ya 4. Katika kitabu hicho Socrate anafananisha retorika na upishi: inapendeza mdomoni bila kujali afya, jambo ambalo daktari ndiye anayelijali. Kumbe jina la ufundi huu pengine lilitoka kwa mtu aliyetaka kuulaumu!

Kazi hiyo ni safi, na tunaikubali. Lakini kuko hatari. Msomaji wa haraka atasema: jina halikuwapo, basi na ufundi haukuwapo. Schiappa mwenyewe hasemi hivyo. Yeye anasema juu ya somo lenye jina lake na sheria zake. Lakini sisi tunasikia kosa hilo katika madarasa yetu, na linatugusa, sababu kwa njia hiyo hiyo watu wanasema kwamba mababu wetu, kwa kuwa hawakuandika vitabu, walisema ovyo tu.

Wagiriki wenyewe wanalikataa kosa hilo. Tusome kitabu cha 9 cha Iliade, iliyotungwa karibu karne ya 8. Wajumbe watatu wanamwendea Achille aliyekasirika na kuacha vita. Ulysse anahesabu zawadi zote: Achille anajibu kwamba kesho anarudi kwao. Phénix, mzee aliyemlea, analia na kumpa hadithi ya zamani: Achille anasema, tutaona asubuhi kama tutakwenda ao tutabaki. Ajax anasema maneno machache juu ya urafiki: Achille anasema atapigana, lakini siku Hector atakapofika kwenye merikebu zake. Kila neno limemsogeza kidogo, na lile fupi limemsogeza zaidi.

Miaka mia ine baadaye Aristote aliandika kwamba kusadikisha kuko na njia tatu: tabia ya msemaji, moyo wa msikilizaji, na hoja yenyewe. Zote tatu zilikuwa tayari katika hema la Achille. Aristote hakuzianzisha; alizitenga, akazipa majina, akaziweka katika mpango wa kufundishwa. Hiyo nayo ni kazi kubwa, tusiidharau.

Kennedy mwenyewe alipanua macho yake. Mwaka 1998 alitoa kitabu kingine, akitafuta retorika kwa wenyeji wa Australie na wa Amerika ya Kaskazini, huko China na India, hata kwa wanyama. Kwetu sisi hilo ndilo jibu lililotuchelewa darasani. Wagiriki walianzisha somo, walianzisha kitabu cha somo. Kusadikishana kulikuwako, na watu walikufunza kwa kusikiliza. Mwalimu anayesimulia habari ya Corax aongeze basi sentensi hiyo moja, ili mwanafunzi asitoke darasani akifikiri kwamba mababu wake walikuwa bubu.