Ukavu Upi? Uhakiki wa Istilahi za Afya ya Ngozi Viwandani

Imeletwa mezani petu tafsiri ya mwongozo wa afya ya ngozi, iliyokusudiwa wafanyakazi wa kiwanda ambacho hewa yake hukaushwa kwa makusudi. Jina la kiwanda na la mfasiri tunayaacha, kwani haja yetu si kumwaibisha mtu. Sarufi ya tafsiri hiyo ni safi na sentensi zake zasomeka vizuri. Hata hivyo, istilahi 4 zilizomo zimepotoka kiasi kwamba mfanyakazi atakayezifuata neno kwa neno huenda akadhurika. Tumeona vema tuzijadili, maana makosa ya namna hii tunayakuta katika maandishi ya ofisi nyingi.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Zipo kazi zisizowezekana katika hewa yenye mvuke mwingi. Vidonge vya dawa vinavyotoa mapovu vikitiwa majini huharibika kabla ya kufungwa. Na katika utengenezaji wa betri, lithiamu huathiriwa upesi na mvuke wa maji. Kwa hiyo mvuke huondolewa chumbani kwa mitambo. Lakini hewa iliyokaushwa haichagui: huinyang'anya maji ngozi ya mfanyakazi pia. Mwaka 1952 Irvin Blank wa Marekani alionyesha kwamba kinachoifanya tabaka la nje la ngozi kuwa laini ni maji, wala si mafuta. Mwaka 1980 Rycroft na Smith wa Uingereza waliandika juu ya magonjwa ya ngozi yaletwayo na uhaba wa unyevu katika hewa ya kazini. Ngozi huwasha, hupauka, hutoa magamba membamba, na hali ikizidi hupasuka.

Sasa tuzitazame istilahi. Mwongozo unamwonya mfanyakazi ajihadhari na "mahali pakavu". Katika Kiswahili mahali pakavu ni mahali pa kusifiwa: sakafu haitelezi, paa halivuji, magunia hayaozi. Msomaji hawezi kutambua kwamba anaonywa juu ya hewa anayoivuta na inayomgusa mwilini. Ilitosha kusema "hewa kavu ya kazini".

Istilahi ya pili ni "unyevu". Mwongozo wasema unyevu usipungue "asilimia 40 ya hewa", kana kwamba katika kila sehemu 100 za hewa, 40 ni maji. Sivyo. Kipimo hicho hulinganisha mvuke uliomo na mvuke wote ambao hewa ya joto lile ingeweza kuubeba. Hewa ikipashwa moto bila kuongezwa maji, kipimo hushuka ijapokuwa mvuke haukupungua. Twapendekeza "uwiano wa unyevu hewani", ili neno "uwiano" limkumbushe msomaji kwamba vitu viwili vinalinganishwa.

Ya tatu ni "kilainishi". Mfanyakazi ameagizwa ajipake kilainishi mikononi kila amalizapo kunawa. Katika lugha ya viwandani, kilainishi ni mafuta au grisi ya mashine, na mafuta hayo yanaweza kuziba vinyweleo na kuleta vipele. Hapa sisi watunga istilahi hatuna budi kukiri udhaifu wetu: twapenda kuunda neno kwa ajili ya fani moja bila kuuliza kama fani jirani imekwisha kulichukua. Neno "marhamu" lipo, lafahamika katika maduka ya dawa, na halimpeleki mtu kwenye kopo la fundi mitambo. Aidha, mwongozo ueleze kwamba marhamu huzuia maji yasitoke ngozini. Hayaondoi ukavu wa hewa, wala hayamwondolei mwenye kiwanda wajibu wa kuitengeneza hewa hiyo kadiri kazi inavyoruhusu.

Tumeiacha ya mwisho iliyo nzito kuliko zote, nayo ni "upele". Kwa msemaji wa Kiswahili, upele huambukiza, na mara nyingi huhusishwa na uchafu. Mwenye upele hatengwi kwa sababu ya hewa ya chumba. Hutengwa kwa sababu ya mwili wake. Hivyo neno moja limehamisha lawama kutoka kwenye mtambo hadi kwa mfanyakazi. Atauficha ugonjwa wake, au atanawa zaidi kwa sabuni, na sabuni itazidi kumkausha.

Wala jambo hili haliishii kliniki. Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Neno litakaloandikwa katika faili la mgonjwa laweza kuwa ushahidi. Likiandikwa "upele", nani atauliza juu ya hewa? Likiandikwa "ukurutu wa hewa kavu ya kazini", chanzo kimetajwa ndani ya jina, na mkaguzi anajua kipimo gani akitafute. Ikiwa ngozi haijafikia hali ya ugonjwa, neno la wananchi, "kupauka", latosha kabisa.

Basi mapendekezo yetu ni haya: hewa kavu ya kazini, uwiano wa unyevu hewani, marhamu ya ngozi, kupauka, kwa hali ya mwanzo, ukurutu wa hewa kavu ya kazini, kwa ugonjwa wenyewe. "Upele" lisitumike isipokuwa daktari amethibitisha kuwa ndio.

Wafasiri, walimu na maofisa wa afya wenye maneno bora kuliko haya, hasa yale wanayoyasikia kwa wafanyakazi wenyewe, tunawaomba watuandikie.