Medusa Mbele ya Mahakama

Oktoba 2020 sanamu ya shaba nyeusi, yenye kimo cha zaidi ya mita 2, iliwekwa katika bustani ndogo jijini New York, mkabala na mahakama ya jinai. Ni kazi ya Luciano Garbati, mchongaji kutoka Argentina. Medusa, mwanamke wa hadithi za Kiyunani mwenye nyoka badala ya nywele, amesimama akiwa na upanga mkono mmoja na kichwa cha Perseus mkono wa pili.

Hadithi yenyewe ni kinyume: Perseus ndiye aliyemkata Medusa. Ndivyo alivyomwonyesha Benvenuto Cellini huko Florence mwaka 1554, kijana akikanyaga mwili wa mwanamke na kuinua kichwa chake juu watu wakione. Medusa wa Garbati hainui kitu. Kichwa amekishika chini, usawa wa paja, na usoni hana shangwe. Hapo mchongaji amesema kweli: kisasi hakimpi mtu furaha.

Lakini nina swali. Mshairi Mrumi Ovid anasimulia kwamba Medusa alibakwa na mungu wa bahari ndani ya hekalu, na mungu wa kike mwenye hekalu akamwadhibu yeye aliyebakwa. Perseus alikuja baadaye. Basi sanamu imekata kichwa cha mtu wa mwisho. Mbakaji hayupo, na mwenye hekalu hayupo.

Wapendwa, someni 2 Samweli 13. Amnoni alimnajisi Tamari. Daudi alikasirika, lakini hakutenda lolote. Baada ya miaka 2 Absalomu alimuua Amnoni. Upanga ulipata wake, lakini Tamari alibaki na ukiwa katika nyumba ya ndugu yake, na hatusomi kwamba kuna aliyemwuliza anahitaji nini.

Nasi je? Binti anapoleta shauri lake kwa wazee, tukamwuliza alivaa nini, au tukamsihi yaishe kimya ili usharika usiaibike, tumefanya kama yule mwenye hekalu. Kristo hakuwafukuza waliojeruhiwa. Aliwaita karibu, akawasikiliza.

Sanamu ile ilielekea mahakama, na ni vyema. Mimi ningeigeuza pia ielekee mlango wa kanisa. Asiyesikilizwa hekaluni, tusishangae akitafuta upanga.